Mlivyomfukuza Furukombe

Uswidi, Jumapili, baada ya zamu ya asubuhi

Mdogo wangu Deusi,

Shikamoo yangu nakudai. Kwenye ule ujumbe wako wa sauti uliruka moja kwa moja kwenye shida yako kama mtu anayekimbizwa na nyuki, hata salamu ikakushinda. Basi nimeitikia mwenyewe: marahaba, mdogo wangu. Hujambo? Mkeo hajambo? Watoto mafua yamewaacha? Mvua zimefika, au bado mnayatazama mawingu yakijipitia kwenda kunyesha Ukerewe? Dagaa wanapatikana mwezi huu? Mimi ni mzima. Magoti ndiyo yananisumbua kwa kuinua wazee wa watu, na baridi ya huku haina adabu, inaingia mpaka kwenye jino lililozibwa.

Nimeandika kwa karatasi makusudi. Nikikutumia sauti utasikiliza nusu, halafu utanijibu kwa kidole gumba na maua mawili. Karatasi hii anakuja nayo mwenzangu wa Tarime ambaye yuko likizo, na nimemwambia akukabidhi mkononi, asimpe katibu wako wa kwaya. Nasikia siku hizi mambo yako yote mazito yanapitia kwa katibu.

Umeniomba niongee na Mama ili akubali kuimba siku ya jubilei ya kigango. Umesema padre mzee aliyetubatiza atakuja, na ametuma neno kwamba anataka kuusikia wimbo wa marehemu Baba kama ulivyokuwa, bila kinanda. Umesema pia kwamba bila Mama wimbo huo hauimbiki, na kwamba Mama "amekuwa mgumu kidogo." Hilo neno "kidogo" nimelipenda sana. Jibu lako liko humu ndani, ila utalifikia kwa kusoma, siyo kwa kurukia mwisho kama unavyofanya na nyimbo za watu.

Kwanza nikueleze ninapofanyia kazi, maana hujawahi kuniuliza. Ni nyumba ya kulelea wazee, ghorofa mbili, safi kuliko hospitali yoyote uliyowahi kulazwa. Watoto wao wanawaleta hapa, wanawabusu, wanapanda magari yao wanaondoka. Mwaka juzi meneja wetu alirudi kutoka kwenye semina akiwa na akili mpya. Alisema wazee wanahitaji muziki wa asili. Wakaweka spika kwenye korido, kwenye chumba cha kulia, mpaka chooni, na tangu asubuhi mpaka jioni zinatoa mlio wa ndege mmoja wa kwao, mweusi, mwenye mdomo wa njano, huku filimbi na kinanda vikimfuata nyuma kama mbwa wanaomfuata mchinja ng'ombe.

Sikatai, ndege mwenyewe anajua kuimba. Lakini, Deusi, ndege huyohuyo yuko nje! Bustanini kuna mti, na msimu wa joto anakaa pale anaimba bure. Madirisha yamefungwa kwa sababu meneja anaogopa wazee wasipigwe na upepo. Kwa hiyo wanamfungia nje mwenye sauti, halafu wanamsikiliza ukutani. Hawa ndio watu tunaoambiwa tuwaige.

Kuna bibi mmoja, Bibi Elsa, akili yake huja na kuondoka. Kila chakula cha asubuhi anaficha mkate mfukoni, kisha anakwenda kuumwaga chini ya spika ya korido ili ndege ale. Anasimama pale anangoja. Kila siku mimi ndiye ninayefagia ule mkate, na kila siku ananiuliza kwa nini ndege hashuki. Meneja akipita anasema, tazama anavyotulia. Mimi namtazama meneja tu, kwa sababu kibali changu cha kazi kinapitia mezani kwake.

Wakatuletea na msanii. Mwanaume mzima, nywele mpaka mabegani, amebeba mabomba ya mwanzi na mtungi. Akasema atawapigia wazee "alfajiri ya Afrika," kipande alichokitunga kutokana na sauti za ndege wa kwetu. Akapuliza, akakoroma, akatikisa mtungi. Alipomaliza akaniita mbele, kwa kuwa mimi ndiye Mwafrika pekee aliyemwona, akaniuliza kama huyo ndege wake wa mwisho ananikumbusha nyumbani. Nikamwambia, kwetu kuku akilia hivyo anachinjwa mapema kabla hajaambukiza wenzake. Akacheka sana, akadhani ni hekima. Wakanipigia makofi.

Basi nikawa nawadharau watu wa huku kwa raha zangu, moyo mweupe kabisa. Nikasema afadhali sisi. Afadhali kwetu, ambako Baba alichukua kwaya ya wavuvi na wakulima wa mihogo wasiojua noti hata moja, akawafundisha kuimba kwa kuwapeleka kwa mwalimu aliyeko mtini. Halafu wewe ukanitumia video.

Uliitupa kwenye grupu la ukoo ukaandika "sauti za asili, sambaza kwa wengine kumi." Kizuri chajiuza, mdogo wangu, lakini tuyaache hayo. Niliifungua kwenye chumba cha kubadilishia nguo, nikiwa na chai yangu, nimekaa sawasawa. Nikaona basi la Coaster. Nikaona mmefika Butiama, mko juu ya mawe, vitenge vya kijani, na wewe mbele umevaa miwani ya jua. Deusi! Wimbo wenyewe unaanza "kabla jua halijagusa ziwa," na wewe mwalimu wa kwaya umevaa miwani ya jua, na ziwa lenyewe hamnalo, mmeliacha Musoma. Nyuma yenu kuna vilima na mbuzi wa mtu.

Hayo ningeyameza. Watu wanapenda mawe, wapigwe picha kwenye mawe. Kisha wimbo ukaanza, na sikusikia besi.

Unakumbuka Baba alivyokuwa anagawa sauti, au miwani imekuziba na kumbukumbu? Sauti ya nne, hiyo besi, aliichukua kwa dudumizi, yule anayelia mvua ikikaribia, inashuka ngazi kwa ngazi kama maji yanayomiminwa kibuyuni. Sauti ya pili aliichukua kwa tetere, neno moja wanalirudia mpaka linakuwa usingizi. Na juu ya wote sauti moja tu, ya mtu mmoja, inapanda peke yake mara tatu katika wimbo mzima: furukombe, yule tai wa ziwani mla samaki. Baba alikuwa hampi mtu sauti mpaka aende ufukweni alfajiri akae kimya, amsikilize ndege wake wiki nzima. Na mwenye sauti alikuwa haondolewi. Akichoka, akizeeka, yeye mwenyewe anamchagua wa kumwachia, anampeleka ufukweni kwa mkono wake, anamfundisha, kisha anarudi kukaa na wenzake. Mzee Majura aliiacha besi hivyo. Mama aliipokea furukombe hivyo, kutoka kwa bibi mmoja wa Nyegina, kabla mimi sijazaliwa. Sisi tulikua tukimwona anatupa kichwa nyuma kama ndege mwenyewe, na watoto wa watu wanashika masikio.

Mahali pa besi mmeweka kinanda. Tunk, tunk, tunk, kama mtu anayepigilia bati. Nikasema sawa, huyo ni prodyuza wenu wa Bunda, anayejiita Maestro, amezoea kupiga kwenye harusi. Nikangoja furukombe. Nikaweka chai chini ili nimsikie Mama vizuri.

Pakafika. Na kilicholia pale, Deusi, ni ndege wa chooni kwetu.

Usinibishie. Nimefanya kazi chini ya ndege huyo miaka miwili, namjua kuliko ninavyowajua wifi zangu. Nikasema labda nimechoka, nikairudisha nyuma. Ni yeye, na baada ya kulia mara ya pili kwa mbali kuna mbwa anabweka, mara moja tu, hau. Kwenye spika zetu mbwa huyo yupo. Aliyerekodi hakumsikia, au alimsikia akamwacha. Na mbwa huyohuyo anabweka kwenye wimbo wa Baba, juu ya mawe ya Butiama. Maestro wako ameuchota mlio mtandaoni, ndege wa Ulaya na mbwa wake, akaubandika mahali pa furukombe, nanyi mkafungua midomo mkatabasamu kwa kamera.

Nilicheka mpaka mwenzangu Mfilipino akaja kuniuliza kama nimefiwa. Halafu nikaanza kumtafuta Mama. Nikaitazama mstari kwa mstari, nyuso zote. Nikamwona mkeo, nikamwona katibu, nikaona hata mtoto wa yule mwenye duka asiyejua kuimba. Mama hayumo. Kicheko kikaniishia palepale.

Nikampigia Shangazi Restituta, Makoko. Unajua Shangazi hajui kuficha kitu hata ukimlipa.

"Hee, kumbe wewe hukuambiwa?" akasema. "Walimpumzisha mama yenu. Huyo katibu alikujaga na barua ameipiga mhuri. Eti kamati imeona sauti imechakaa, anashukuriwa kwa utumishi wake."

"Deusi alikuwa wapi?"

"Si yupo! Alikuwa amekaa kwenye pikipiki hapo njiani, hakushuka. Mama yenu akamwona. Akaisoma hiyo barua, akaikunja, akaenda kuanika dagaa. Sasa Jumapili anapanda bodaboda anakujaga kusali huku kwetu Makoko. Anakaa nyuma kabisa, haimbi. Padre akianzisha wimbo anaangalia chini."

Nikamuuliza kuhusu siku ya kurekodi, maana nilitaka kuyasikia yote. Shangazi akaniambia mlianza kwanza ufukweni kwetu, pale pale Baba alipokuwa anafundishia. Maestro akafunga vipaza sauti vyake. Mkaanza, na furukombe akalia. Si wa kwenye kompyuta, yule mwenyewe wa kwenye mti wa pale jiweni. Maestro akasimamisha kazi, akasema ndege anaharibu sauti. Mkaanza tena, akalia tena, na kwarara, wale ndege wa makelele, nao wakaingilia. Ndipo mwalimu wa kwaya, mtoto wa Baba, akawatoa wanaume wawili wa besi wakamfukuze kwa mawe.

Hapo nilimwomba Shangazi arudie. Akarudia, akaongeza na vitendo, ingawa ni simu.

"Wakamtupia mawe, wewe! Anaruka, anazunguka, anarudi palepale. Wakachoka wao. Ndipo Maestro akasema basi twendeni Butiama, huko hakuna kelele."

Sijui nianzie wapi kukutukana, mdogo wangu. Meneja wangu ni mjinga, lakini yeye alifunga dirisha tu. Hakumtupia ndege mawe ili amsikilize ndege. Nimezunguka dunia nikitafuta mtu wa kumdharau, kumbe nimemwacha nyumbani amekalia pikipiki. Na wale wanaume wawili wa besi, sauti yao imetolewa ikawekwa kinanda, hawana kazi, basi wakapewa mawe! Wamekubali! Mimi ningekuwa mke wa mmoja wao ningemnyima chakula mpaka Kwaresima.

Usije ukaniambia mambo ya kisasa. Kinanda sikichukii. Katika hicho kigango kuna nyimbo hamsini zinazofaa kinanda, zipigieni mpaka umeme ukatike. Wimbo mmoja tu Baba aliuacha, mmoja, na huo ndio mmeukata ulimi.

Sasa jibu lako. Nilimpigia Mama Jumatano. Nilipiga nikiwa nimejaza maneno mdomoni, nimemwandalia hasira ya kutosha sisi wawili. Nilitaka aniambie hatakanyaga hapo kigangoni mpaka mpige magoti, wewe, katibu, na Maestro akiwa katikati. Nilitaka siku ya jubilei padre mzee akae anangoja, wimbo usitoke, uaibike mbele ya parokia nzima. Nakwambia ukweli, nililala usiku nikilifurahia jambo hilo.

Mama akapokea. Akaniuliza kama nimekula. Akaniuliza magoti. Nikamwambia yote niliyosikia, nikakusema wewe mpaka pumzi ikaniishia.

"Umemaliza?" akaniuliza.

"Nimemaliza, Mama."

"Sauti imekwisha, Paskazia. Hawakudanganya. Tangu kile kipindi cha kulima, nikiivuta juu inakatika. Mimi ndiye wa kwanza kuijua. Baba yenu angekuwepo angeijua siku hiyohiyo."

"Sasa, Mama, kwa nini hukusema?"

"Nilikuwaga namtafuta wa kumwachia. Nilikuwa nawasikiliza mabinti wakichota maji, huyu ana pumzi, huyu hana. Kitu hicho hakitakagi haraka. Siku moja nikasema nimwambie Deusi, tukae, tuzungumze nani anafaa. Ndiyo ikaja barua."

Nikamuuliza kama aliwahi kunifikiria mimi. Swali la kipumbavu, lilinitoka tu.

"Wewe nilikufikiriaga sana," akasema. "Lakini utamsikilizia wapi huyo ndege?"

Niliumia, Deusi, na sina wa kumlaumu kwa hilo. Nilikuwa nimesimama kwenye korido, juu ya kichwa changu yule wa ukutani akiendelea na filimbi zake.

Nikamwambia, basi usiende, wakomeshe. Mama akacheka, kile kicheko chake kifupi cha puani.

"Nimkomeshe mtoto niliyemzaa? Sikukasirika kutolewa, mwanangu. Nilikasirika kwamba alikaa kwenye pikipiki. Mwambie nitakuja. Nitavaa sare yangu, nitasimama pale pangu. Pakifika, nitafungua mdomo. Ikipanda, imepanda. Ikikatika, ikatike mbele ya watu wakaisikia, siyo kwenye karatasi ya katibu. Na yule nitakayemwachia atakuwa amesimama karibu yangu, aone inavyokatika, ajue na yeye itamfika."

Hayo ndiyo maneno ya Mama, sijapunguza wala kuongeza, ingawa kuongeza nilitaka. Mimi kama ningekuwa yeye usingeniona. Lakini mimi siye yeye, na wewe huna bahati ya kuwa na mama wa aina yangu, shukuru Mungu.

Nisalimie Shangazi Restituta, mwambie ile dawa ya kifua nimeipata, anakuja nayo huyuhuyu wa Tarime. Nisalimie wifi yangu mkeo. Yeye hana kosa, alisimama mlipomwambia asimame. Msalimie Mzee Majura wa besi ya zamani, mwulize anaiona wapi kazi ya kurusha mawe kwenye sauti ya nne. Wabusu wanangu wote wawili, na yule mdogo mwambie shangazi yake hajamsahau. Maestro usimsalimie. Katibu msalimie kwa barua, aipige mhuri.

Nakuagiza mambo mawili tu, ndugu yangu wa tumbo moja. La kwanza, ukishaisoma hii nenda kwa Mama leo, kwa miguu, ushuke mpaka anapoanika dagaa, ukae chini, umwambie kwa mdomo wako kwamba unamhitaji. La pili ni la siku yenyewe. Wewe ndiye utakayesimama mbele na kuinua mkono kwaya inyamaze, ili Mama apande peke yake. Huenda itatoka. Huenda itakatika katikati, watu waangaliane, watoto wacheke, padre mzee ainamishe kichwa, nawe utatamani kuwapa sauti wenzake waingie wamfunike. Usiushushe mkono, Deusi. Uache hapo juu mpaka Mama amalize.

Niko baridini huku, na mawazo yangu yote yako huko,

dada yako mkubwa,
Paskazia